Kutangulia Mpira na Kuotea: Namna ya Kumfundisha Mwanafunzi Kuamua Katika Raga

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwalimu anayeshika kipenga katika mchezo wa raga, hakuna linalozua malalamiko mengi kama hili la mchezaji aliyekutwa mbele ya mpira. Je, alikutwa pale kwa bahati, au alijiweka pale ili aipatie timu yake faida isiyo halali? Uamuzi wenyewe hutakiwa kutolewa kwa nukta moja au mbili, mbele ya watoto ishirini wanaopiga kelele, na mtoto mmoja ambaye ataondoka uwanjani ama akiamini kuwa mwalimu wake ni mtu wa haki, ama akiamini kuwa ameitwa mwizi bure. Katika makala haya tutaeleza jinsi sheria ya raga inavyolitazama jambo hili, kisha tutatoa andalio la somo ambalo mwanachuo aweza kulitumia katika mazoezi ya kufundisha darasa la sita au la saba.

Raga si mchezo mgeni kwetu. Timu ya Kenya ya wachezaji saba ilitwaa kombe la Singapore tarehe 17 Aprili 2016 kwa kuishinda Fiji alama 30 kwa 7, na huko Kenya na Uganda wako wanafunzi wanaoyajua majina ya wachezaji kuliko sisi. Lakini kuyajua majina si kuijua sheria. Basi na tuanze na sheria.

Katika raga mpira hupelekwa mbele kwa kukimbia nao au kwa kuupiga teke. Haurushwi mbele kwa mikono. Kwa sababu hiyo mpira wenyewe ndio mpaka. Mchezaji aliye mbele ya mwenzake anayeuchukua mpira, au mbele ya mwenzake aliyeucheza mwisho, yuko mahali pasipo pake. Kuwa mahali hapo peke yake si kosa, na jambo hili lafaa lisisitizwe sana, maana katika kila dakika ya mchezo wako wachezaji kadhaa waliotangulia mpira bila ya dhambi yoyote. Kosa ni kuuingilia mchezo ukiwa pale: kuucheza mpira, kumkamata mpinzani anayeuchukua, au kuwazuia wapinzani wasicheze wapendavyo. Anayefanya hivyo hutozwa penalti, nayo penalti yaweza kuleta alama 3.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo, katika kifungu chake cha 10, yamtaja mchezaji wa namna nyingine: yule ambaye hakuweza kuepa kuguswa na mpira, au kuguswa na mwenzake aliyeuchukua mpira. Huyo hatozwi penalti. Ikiwa timu yake haikupata faida kwa mguso ule, mchezo huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Ikiwa ilipata faida, mwamuzi hupuliza kipenga na wapinzani hupewa skramu, yaani ule mshikamano wa pande mbili zinazosukumana zimeinama huku mpira ukitiwa katikati. Wahenga walisema ajali haina kinga. Sheria ya raga yakubali kuwa ajali imetokea, haimwadhibu mtu kwa ajali hiyo, ila haimwachii matunda yake.

Hapo ndipo lugha yetu inapotutega. Watangazaji na mashabiki wa kandanda wamekwisha tuzoesha neno kuotea, nasi tumelihamisha katika raga pasipo kulipima. Kuotea ni kuvizia. Mwindaji humwotea mnyama penye maji. Adui huotewa njiani. Ndani ya neno hilo mna nia tayari: anayeotea amejificha, anangoja, anataka kitu. Mwalimu anaposema "Umeotea!" kwa mtoto aliyepigwa na mpira mgongoni, amekwisha kumhukumu kabla ya kuitazama hoja. Na anapojaribu kulipunguza neno ukali kwa kusema "umeotea bila kukusudia", amesema jambo linalojipinga, sawa na kusema mtu amevizia bila kujua kuwa anavizia. Watoto husikia ukinzani huo hata kama hawawezi kuueleza, na ndiyo maana hubisha.

Sisi twapendekeza maneno mawili yatengwe. Mahali paitwe kutangulia mpira. Neno hili halimlaumu mtu. Hata mtoto aliyesukumwa mbele na wenzake ametangulia. Neno kuotea na liwekwe akiba kwa yule aliyetangulia, akaweza kujizuia, na bado akauingilia mchezo. Mwanachuo atakayeanza somo kwa kutenga maneno haya ubaoni ataona kuwa nusu ya ubishi wa uwanjani imekwisha kabla mpira haujatolewa stoo.

Baada ya hapo linakuja swali gumu: nia huonekanaje? Wako walimu ambao humwita mtoto pembeni na kumwuliza, "Ulikusudia?" Tunaupinga utaratibu huu kwa nguvu. Mtoto mkweli atasema "Ndiyo, mwalimu," naye atatozwa penalti. Mtoto mjanja atasema "Sikukusudia, mwalimu," naye atasamehewa. Mwezi mmoja wa michezo ya namna hiyo watosha kuwafundisha watoto arobaini kuwa uongo una malipo mema. Tuitazame tena sheria, tutaona kuwa haikuuliza habari za moyo hata kidogo. Haikusema "mchezaji ambaye hakutaka". Ilisema mchezaji ambaye hakuweza kuepa. Kutaka kumo kifuani, hakuna akionaye. Kuweza kuepa kumo uwanjani: kwaonekana katika umbali, katika muda, katika macho na miguu na mikono ya mchezaji. Hayo mwamuzi aweza kuyaona, na hata mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuyaona akifundishwa.

Busara hiyo hiyo imo katika kifungu kinachofuata, cha 11, kinachohusu kuudondosha mpira mbele. Mchezaji anayeupiga mpira mbele kwa mkono makusudi hutozwa penalti. Lakini akiwa alijaribu kuudaka, na palikuwa na tumaini la haki kuwa angeweza kuupata, basi hahesabiwi kuwa alikusudia. Hapo pia sheria haichunguzi moyo. Yatazama kama jambo lile liliwezekana.

Tuchukue mfano wa uwanja mkubwa. Tarehe 8 Julai 2017, katika uwanja wa Eden Park mjini Auckland, All Blacks ya Nyuzilandi ilipambana na Lions, timu inayokusanya wachezaji wa Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi. Ilikuwa mechi ya tatu na ya mwisho. All Blacks walikuwa wameshinda ya kwanza 30 kwa 15, na Lions wameshinda ya pili 24 kwa 21, hata mshindi wa siku ile angekuwa mshindi wa mfululizo mzima. Zikiwa zimebaki dakika chache, Owen Farrell wa Lions alisawazisha kwa penalti, ikawa 15 kwa 15.

Nyuzilandi wakaanzisha mchezo kwa teke la juu. Liam Williams wa Lions aliruka kuudaka mpira, na Kieran Read, nahodha wa Nyuzilandi, akaruka pamoja naye. Mpira ukamponyoka Williams, ukaenda mbele, ukamfikia mwenzake Ken Owens aliyekuwa ametangulia. Owens aliupokea kwa mikono, kisha akang'amua alipo, akauachia mara moja. Mwamuzi Romain Poite, Mfaransa, akapuliza kipenga na kuashiria penalti kwa Nyuzilandi. Kisha picha zikatazamwa, mwamuzi akazungumza na wasaidizi wake, akabadili uamuzi: haikuwa penalti tena, bali kutangulia kwa bahati, na Nyuzilandi wakapewa skramu. Hawakupata alama nyingine. Mechi ikaisha 15 kwa 15, na mfululizo ukaisha bila mshindi.

Wapenzi wa raga bado wanabishana juu ya tukio hili, nasi twaona lafaa sana chuoni kwa sababu kila upande una hoja yenye uzito. Wanaomtetea Owens husema: mpira ulimjia kutoka karibu mno, baada ya kubadili njia, hakuwa na muda, na alipotambua, aliuachia. Wanaompinga husema: kuguswa ni jambo moja, kudaka ni jambo jingine. Mpira haukumgonga bega wala kifua. Ulipokewa na mikono iliyonyoshwa, na mpira uliodakwa umechezwa. Kuuachia baadaye hakufuti kudaka, kama vile mtu aliyechukua cha mwenzake hawezi kusema hakuchukua kwa kuwa alikirudisha.

Rai yetu ni kwamba, kwa herufi ya sheria, uamuzi wa kwanza wa Poite ulikuwa na nguvu kuliko ule wa pili. Umbali ulimtetea Owens. Mikono yake ilimshitaki, nayo mikono ndiyo shahidi mkubwa zaidi. Lakini twaongeza neno moja kwa ajili ya shule za msingi. Kuiondoa mikono mpira unapokujia ghafla ni ufundi mgumu. Ikiwa mtu mzima aliyeichezea nchi yake mara nyingi hakuuweza, tusiutarajie kwa mtoto wa darasa la sita. Kwa hiyo mtoto aliyedaka kwa mshtuko mpira uliotoka hatua moja kando yake, kisha akauachia, sisi tungempa skramu, na tungewaeleza wanafunzi wazi kuwa hiyo ni hisani ya umri wao, si herufi ya sheria. Aliyedaka akakimbia nao, huyo ameotea, hata ukimjia kutoka hatua moja.

Upo mfano wa pili, nao unafundisha jambo ambalo walimu wengi husahau: kwamba kabla ya kuuliza habari za kuepa, yatupasa tuulize ni nani aliyeugusa mpira mwisho. Tarehe 18 Oktoba 2015 huko Twickenham, London, Uskoti ilikuwa ikiiongoza Australia 34 kwa 32 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, mchezo ukikaribia kwisha. Mskoti mmoja aliudondosha mpira mbele, na mwenzake Jon Welsh akauchukua. Mwamuzi Craig Joubert wa Afrika Kusini akampa Australia penalti. Bernard Foley akaipiga, Australia ikashinda 35 kwa 34. Siku iliyofuata chama cha raga duniani kilitangaza kuwa picha zilionyesha mpira ulichezwa na Nick Phipps wa Australia kabla haujamfikia Welsh. Kwa mguso huo wa mpinzani, Welsh hakuwa tena mahali pasipo pake, na uamuzi uliostahili ulikuwa skramu kwa Australia kwa ajili ya ule mpira uliodondoshwa. Taratibu za wakati ule hazikumruhusu Joubert kuomba picha kwa jambo la namna hiyo. Alitegemea macho yake tu. Kanuni yenyewe si ngeni. Tangu shule ya Rugby ilipoziandika sheria zake mwaka 1845, mguso wa mpinzani ulimrudishia mchezaji haki yake. Mwalimu wa shule ya msingi naye hana picha za kurudia, basi amhurumie Joubert, na aliweke swali hili la kwanza kabisa.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe.

ANDALIO LA SOMO

Shabaha. Mwishoni mwa vipindi viwili mwanafunzi aweze kumtambua aliyetangulia mpira. Aweze kueleza kwa ishara za nje kama aliweza kuepa au hakuweza. Na aweze kusema kama timu yake ilipata faida.

Zana. Mpira mmoja wa raga; kama haupo, mpira wa matambara ulioshonwa kwa umbo la yai wafaa kabisa. Vitambaa viwili kwa kila mwanafunzi, vichomekwe kiunoni kama mikia. Majivu au chokaa ya kuchorea mistari. Kipenga.

Watoto wasikamatane wala kuangushana. Anayenyang'anywa mkia amekamatwa. Skramu pia isichezwe. Shingo za watoto si za kujaribia. Badala yake wapinzani wapewe pasi huru. Hapa mwanachuo awe macho: ikiwa aliyeotea na aliyetangulia kwa bahati wote wawili wataishia kwenye pasi huru ile ile mahali pale pale, tofauti tuliyoihangaikia itapotea, na watoto watasema kweli kuwa maneno ya mwalimu ni mengi lakini adhabu ni moja. Kwa hiyo anayetangulia kwa bahati na timu yake ikafaidika, pasi huru iwe mahali pa mguso. Anayeotea, wapinzani wasogee mbele hatua kumi ndipo wapewe pasi huru. Hatua hizo kumi zihesabiwe kwa sauti na darasa zima.

Hatua ya kwanza ni fupi. Wanafunzi wacheze, na kila baada ya muda mwalimu apulize kipenga. Wote wagande kama sanamu. Aulize: "Nani ametangulia mpira?" Waliotangulia wainue mikono. Hakuna adhabu. Mara tatu au nne zatosha, maana lengo ni waone kwa macho yao kuwa kutangulia ni hali ya kawaida, na kwamba mtu hutoka katika hali hiyo kwa kurudi nyuma ya mwenye mpira au kwa mwenzake kumpita mbio.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo. Mwalimu asiiharakishe hata ikimla kipindi kizima. Achague watoto wanne, wengine wakae kandokando ya mstari. Mtoto mmoja asimame ametangulia, ameupa mpira mgongo. Mwenzake, hatua mbili nyuma yake, auponyoshe mpira umpige mgongoni. Darasa liulizwe: angaliweza kuepa? Watajibu wote kwa pamoja kuwa hapana. Kisha mtoto yule yule asimame hatua kumi mbele, ameukabili mpira, nao urushwe kwa upinde. Wengine wahesabu kwa sauti tangu mpira utoke mikononi hadi umfikie. Wakifika "tatu", waulizwe tena. Sasa majibu yatagawanyika, na hapo ndipo mwalimu anapolipata somo lake. Awaulize wanaosema aliweza: "Mmeona nini?" Asikubali jibu la "alitaka" au "ni mchoyo". Akubali majibu kama "alikuwa akiutazama", "alisogeza mguu kuufuata", "alikunja vidole kuudaka". Ayaandike majibu hayo, ikiwa upo ubao wa kubebeka, katika safu nne: umbali, macho, miguu, mikono.

Juu ya mikono asimame zaidi. Mpira ukimjia mtoto usoni, ataikinga sura yake kwa viganja. Viganja hivyo huwa vimefunguka na kusukuma nje. Anayedaka huikunja mikono kuuvuta mpira kifuani. Watoto wakiigiza mara mbili mbili wataitambua tofauti upesi, na wengi watacheka, jambo ambalo halidhuru.

Kisha liigizwe tukio la kawaida kuliko yote, ambalo vitabu hulipita upesi: mwenye mpira anayekimbia na kumgonga mwenzake aliye mbele. Wakigongana na kupoteza mwendo tu, huku mpinzani akiupata mkia wa mwenye mpira, mchezo uendelee. Mpinzani akizuiwa na mwili wa yule wa mbele, timu imefaidika, ipulizwe. Na ikiwa yule wa mbele alitembea makusudi kujiweka kati ya mpinzani na mwenye mpira, hilo ni ukingaji, nalo ni la hatua kumi.

Hatua ya tatu, katika kipindi cha pili, kipenga kipewe mwanafunzi. Kila mwamuzi mtoto, akipuliza, atamke sentensi tatu kabla ya kutoa hukumu: nani aliugusa mpira mwisho, yule aliyetangulia aliweza kuepa au hakuweza, na kwa ishara gani, timu yake ilifaidika au la. Mwalimu asimsahihishe papo hapo. Mchezo uendelee kwa hukumu ya mtoto, na mjadala ungojee mapumziko. Mtoto aliyekatizwa mbele ya wenzake hatapuliza tena kipenga kwa ujasiri, na wenzake wataanza kumtazama mwalimu kila apulizapo.

Mtoto aliyehukumiwa akilia "Sikukusudia!", mwamuzi mtoto afundishwe kumjibu kwa upole: "Sikukuuliza hilo, ndugu yangu. Nimeona mikono yako."

MAZOEZI KWA WANACHUO

Jadilianeni wawili wawili, kisha kila mmoja aandike hukumu yake na ishara alizozitegemea.

1. Mchezaji amelala chini baada ya kukamatwa, mbele ya mpira. Mwenzake anaupiga mpira teke, nao unamgonga mguu na kutoka nje ya uwanja. Wapinzani walikuwa mbali.

2. Mchezaji ametangulia mpira, anarudi nyuma mbio huku akiuangalia. Mwenzake anaudondosha mbele, nao unamgonga kifuani kutoka hatua tatu. Haunyoshei mikono, lakini mpinzani aliyekuwa akiinama kuuokota sasa ameukosa.

3. Hali ni ile ile ya pili, ila kabla ya mpira kumfikia, mpinzani ameucheza kwa ncha za vidole, akijaribu kuudaka. Ni mwanafunzi mmoja tu aliyeuona mguso huo, naye ni wa timu ya yule aliyetangulia.